Protini zikisomwa kwa jicho la isimu: kuanzia jozi pambanuzi mpaka upatanisho wa ngeli

herufi20 (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu.

Siku hizi kila mtu anasema protini ni lugha, DNA ni kitabu cha uhai, na wanaishia hapo hapo kama pambo la hotuba. Mimi nataka tuingie ndani kabisa. Hoja yangu ni kwamba vipimo vya isimu, hivi hivi tulivyofundishwa kwenye fonolojia na mofolojia na sintaksia, vinafanya kazi ya kweli kwenye protini, na mtu anayeongea Kiswahili tayari anavyo mdomoni, hajui tu kwamba anavyo.

Tuanze na msingi kwa wale ambao baiolojia waliiachia fomu two. Protini ni mnyororo wa asidi amino. Za kawaida ziko 20 na kila moja imepewa herufi yake moja, mfumo uliotengenezwa na Margaret Dayhoff wa Marekani enzi za kompyuta za kadi za kutoboa, alitaka mifuatano iingie kwenye mashine bila kula nafasi. Kwa hiyo protini nzima unaweza kuiandika kama mstari wa herufi, hamna nafasi, hamna nukta, hamna herufi kubwa na ndogo.

Sasa angalia hizi herufi nane za mwanzo wa mnyororo wa beta wa himoglobini ya binadamu, ile inayobeba oksijeni kwenye damu:

VHLTPEEK

Mnyororo mzima una herufi 146. Mwenye selimundu ana huu:

VHLTPVEK

Umeona? Ya sita, E imekuwa V. Basi. Herufi 145 zilizobaki hazijaguswa. Linus Pauling na wenzake walishaonyesha mwaka 1949 kwamba himoglobini ya mgonjwa inatembea tofauti kwenye umeme, afu 1956 Vernon Ingram pale Cambridge akaikata vipande vipande na kuanza kupata tofauti iko wapi hasa, ikaja kuonekana ni asidi amino moja tu.

Waliosoma isimu wameshajua naelekea wapi. Hii ni jozi pambanuzi. *Paka* na *taka*, umebadilisha sauti moja mahali pale pale, kingine chote umekiacha, maana imebadilika, kwa hiyo unathibitisha /p/ na /t/ ni fonimu mbili tofauti. Ingram alikuwa anafanya jambo lile lile.

Lakini utamu uko hapa. Nafasi hiyo hiyo ya sita kuna watu wana K badala ya E (VHLTPKEK), inaitwa himoglobini C, ipo sana Afrika Magharibi, na mtu akiirithi pande zote mbili anapata upungufu wa damu wa kiasi tu, sio balaa la selimundu. Na kuna wengine wana A (VHLTPAEK), inaitwa G-Makassar, hiyo himoglobini inapiga kazi yake kama kawaida. Yaani nafasi moja, herufi nne, na matokeo hayafanani hata kidogo. Ni kama wewe kusema *heri* na mwenzio akasema *kheri*, sauti imebadilika ila ujumbe umefika vile vile. Mwaka 2021 watafiti Marekani waliichukua hiyo Makassar wakaifanyia kazi: walihariri jeni kwenye seli za wagonjwa na kwenye panya, ile V ikageuka kuwa A. Hawakuirudisha kuwa E, kwa sababu kifaa chao cha kuhariri hakiwezi kurudi kwenye E kutokea hapo, ila A inatosha. Mtu unaweza kutengeneza sentensi iliyoharibika bila kuirudisha neno kwa neno kama ilivyokuwa.

Ntaendelea, ila kwanza nataka kusikia wadau.

dada_maabara

Nimeweka kambi hapa. Mimi niko maabara, selimundu tunaiona kila siku na kwa kweli sikuwahi kuifikiria hivi. Ila nikuulize kitu mkuu, kwenye Kiswahili najua neno linaanzia wapi linaishia wapi. Kwenye protini umesema hamna nafasi. Sasa neno liko wapi? Ukisema lugha bila maneno mimi unaniacha njiani.

herufi20

Swali zuri sana dada, na ndo swali lililowatesa watu wengi.

Jibu langu: acha kutafuta neno, tafuta mofimu, yaani kipande kidogo cha neno chenye kazi yake. Kiingereza kinamdanganya mtu kwa sababu maneno yake ni mafupi na yamekaa mbalimbali. Sisi tuna *hatutawapigia*, neno moja limebeba sentensi nzima, na anayekijua Kiswahili analikata bila shida: ha-tu-ta-wa-pig-i-a. Hakuna nafasi ndani yake lakini mipaka ipo. Unaijua kwa sababu vipande hivyo umevikuta kwenye maneno mengine elfu, na vina mpangilio wake, huwezi kusema *tahatuwapigia*.

Nikuonyeshe kwa insulini. Frederick Sanger aliisoma ya ng'ombe herufi zote 51 na akapata Nobeli 1958. Lakini seli haiandiki 51. Kwa binadamu inaandika 110 kwanza. Zile 24 za mwanzo (MALWMRLLPLLALLALWGPDPAAA) ni kama kiambishi awali, kazi yake ni kusema "huyu anatoka nje ya seli", mlango ukishampokea kiambishi kinakatwa na kutupwa. Hiyo mambo ya lebo za kuelekeza protini ndo ilimpa Günter Blobel Nobeli 1999. Inafuata sehemu ya B herufi 30, afu zinakuja herufi mbili RR, kipande cha katikati cha herufi 31, herufi mbili KR, halafu sehemu ya A herufi 21. Zile RR na KR ndo alama za kukatia! Kimeng'enya kinapita kinaona R na R zimekaa jirani kinakata, kinaona K na R kinakata. Kile cha katikati kinatoka, A na B zinabaki zimeshikana kwa madaraja ya salfa, hiyo sasa ndo insulini anayohitaji mgonjwa wa kisukari.

Kwa hiyo mipaka ipo, ila haiandikwi kwa nafasi tupu, inaandikwa kwa herufi zile zile.

Na kuna sheria ndogo ndogo ambazo ukiziona utadhani zimetoka kwenye kitabu cha sarufi. Mojawapo: sukari inapachikwa kwenye N, endapo inayofuata ni yoyote isipokuwa P, na ya tatu ni S au T. Basi, hiyo ni kanuni yenye mazingira yake, kama ile ya *m* kuwa *mw* mbele ya irabu, mtu, mtoto, halafu mwalimu. Amos Bairoch alianza kukusanya kanuni kama hizi mwishoni mwa miaka ya 80 kwenye databesi inaitwa PROSITE. Ila nikuambie ukweli, kanuni ikitimia haimaanishi sukari imepachikwa. Inamaanisha inaruhusiwa. Kama sehemu hiyo imejificha ndani ya protini hakuna kitakachoifikia.

mwalimu_isimu

Nimesoma kwa makini na napongeza, mleta uzi anajua anachosema. Lakini mimi nafundisha isimu na lazima niweke breki. Lugha ina msemaji. Ina nia. Sauti yenyewe haina maana, maana inakuja kwa makubaliano ya jamii, ndo maana sisi tunasema *maji* na wengine wanasema vingine na wote tunakunywa kitu hicho hicho. Protini hamna makubaliano, ni kemia. V inafanya inachofanya kwa sababu inachukia maji, haijakubaliana na mtu. Kwa hiyo ukisema "maana" kwenye protini unatumia neno letu kwa mkopo, na mkopo una siku ya kulipa. Mnaruka hatua.

Pili, mifano yako mpaka sasa ni ya herufi jirani. Sintaksia ni uhusiano wa mbali. Nionyeshe uhusiano wa mbali ndo nitakaa.

herufi20

Mwalimu shikamoo. Yote mawili nayajibu, na la kwanza nakubaliana na wewe zaidi ya unavyodhani.

Hakuna msemaji. Hakuna makubaliano. Lakini angalia, wapo wanaisimu waliojenga vipimo vyao bila kugusa nia ya msemaji kabisa. Zellig Harris mwaka 1954 alisema hebu tuangalie mtawanyiko tu, kipashio gani kinakaa mazingira gani, na kipi kinaweza kukaa mahali pa kipi. Firth naye 1957 akaja na ule msemo wake maarufu kwamba neno utalijua kwa wale linaoandamana nao. Vipimo hivyo vinahitaji matini nyingi tu, havihitaji kumhoji mtu. Dayhoff alifanya kazi ya namna hiyo kwenye protini, alipanga protini za ukoo mmoja juu kwa chini akahesabu herufi gani inabadilishana na ipi, ikaonekana I, L na V zinapokezana nafasi, D na E zinapokezana, K na R vile vile, lakini W ukiigusa mara nyingi umeharibu. Hayo ni makundi ya ubadilishanaji, jinsi sisi tunavyopata nomino na vitenzi.

Sasa uhusiano wa mbali. Mwalimu hapa ndo napapenda kuliko kote.

*Kitabu kikubwa ulichoniletea jana kimechanika.*
*Vitabu vikubwa ulivyoniletea jana vimechanika.*

Umegusa mwanzo, mpaka kitenzi cha mwisho kimegeuka. Mpe mgeni asiyejua Kiswahili sentensi elfu kumi, asielewe hata moja, ila awe na subira ya kuhesabu. Atagundua kwamba *ki* ikionekana hapa, kule mbali *ki* inatokea, na *vi* ikija hapa, kule inakuja *vi*. Atajua hizo sehemu mbili zina uhusiano ingawa kati yake kuna maneno mengine.

Protini ikishatengenezwa haibaki uzi ulionyooka, inajikunja, Christian Anfinsen alipata Nobeli 1972 kwa kuonyesha kwamba mfuatano wenyewe ndo unaoelekeza mkunjo. Ikijikunja, herufi ya 12 inaweza kugusana na ya 90. Kama ya 12 ni K yenye chaji chanya na ya 90 ni E yenye chaji hasi, zinashikana. Sasa kwa kiumbe mwingine ya 12 imegeuka kuwa E. Ya 90 ikibaki E zinasukumana na protini inalegea. Kwa hiyo kwa viumbe waliosalimika utakuta ya 90 nayo imegeuka kuwa K. Huo ni upatanisho! Ukichukua protini hiyo hiyo kutoka kwa viumbe maelfu ukahesabu nafasi zipi zinabadilika pamoja, unapata zipi zinagusana, na ukijua zinazogusana unaanza kulijua umbo lenyewe bila kuingia maabara.

Hiyo njia ilikwama miaka mingi na sababu yake utaipenda mwalimu. Rudi kwenye sentensi yetu. *Kikubwa* na *kimechanika* daima vinabadilika pamoja, lakini havihusiani moja kwa moja, vyote viwili vinamfuata *kitabu*. Anayehesabu kijuujuu atadhani vinaoana. Kwenye protini ilikuwa hivyo hivyo, tuseme nafasi A inagusa nafasi B, B inagusa C, basi hesabu inakudanganya kwamba A na C zinagusana. Mwaka 2011 akina Debora Marks na Chris Sander, na kundi lingine la akina Faruck Morcos na Martin Weigt, walichapisha mbinu za hesabu zinazotenganisha uhusiano wa moja kwa moja na ule wa kupitia mwingine. Kutoka hapo mambo yakaenda kasi, AlphaFold, programu ya kompyuta ya kutabiri umbo la protini, ilipotikisa CASP (mashindano ya utabiri huo) mwaka 2020 ilikuwa inasoma mabadiliko haya haya ya pamoja, na Nobeli ya kemia 2024 ikaenda kwa Demis Hassabis na John Jumper wa AlphaFold, pamoja na David Baker anayebuni protini mpya.

Na lile la mkopo wa "maana". Selimundu yenyewe inakuunga mkono kwa namna fulani. Himoglobini yenye ile V inajikunja vizuri tu na inabeba oksijeni. Ukiipima ikiwa peke yake haina kosa la sarufi. Tatizo linaanza ikishaachia oksijeni ikiwa katikati ya wenzake, ile V inanasa kwenye kishimo kilichopo kwa himoglobini jirani, na jirani kwa jirani, zinaunda nyuzi ndefu, seli inapinda kama mundu. Yaani sentensi ni sahihi, balaa liko kwenye muktadha. Mwalimu hiyo unaiita pragmatiki si ndiyo? Na muktadha ukipanuka zaidi hukumu inabadilika tena, maana Anthony Allison, ambaye alikulia Kenya, alichapisha 1954 kwamba mwenye jeni moja tu ya selimundu anakuwa na kinga fulani dhidi ya malaria. Herufi ile ile. Kwa mwenye nakala moja anayeishi kwenye malaria ni faida, kwa mtoto mwenye nakala mbili ni maumivu ya maisha. Mfuatano peke yake haukwambii hilo hata uusome mara ngapi.

mwalimu_isimu

Marahaba. Huo mfano wa *kikubwa* na *kimechanika* nauchukua nikawape wanafunzi. La pragmatiki nalikubali pia, na nadhani hapo umejibu mwenyewe kwa nini sarufi haitoshi.

msoma_kodi

Aki hii uzi imenibamba, nasoma nikiwa Nairobi kwa matatu. Mimi ni mtu wa kompyuta, hizo modeli za lugha kama zile za chatbot nasikia wanazifundisha na protini. Inafanyaje kazi? Na kweli zinaelewa ama ni kukariri tu?

herufi20

Karibu sana. Zinafanya kazi kama zoezi la kujaza pengo. Unachukua mfuatano, unafunika herufi baadhi, unaiambia modeli itabiri zilizofunikwa. VHLTP_EK, hapo katikati ni nini? Unarudia mara mabilioni. Kundi la watafiti wa Facebook walichapisha kazi hiyo 2021, modeli inaitwa ESM, walitumia mifuatano milioni 250, jumla herufi bilioni 86. Hakuna aliyeiambia nini maana ya kuchukia maji, au chaji, au mkunjo. Ila ukifungua ndani yake unakuta asidi amino zimejipanga kwa makundi ya kikemia, na zile nafasi zinazogusana zinaonekana. Yale ya Harris na Firth yamefanya kazi mahali ambapo wao hawakupafikiria.

Ila matumizi yaliyonigusa zaidi ni ya virusi. Mwaka 2021 Brian Hie na Bonnie Berger na wenzao wa Marekani walitenganisha vitu viwili: sarufi na semantiki. Sarufi kwao ni kama protini iliyobadilika bado inamwezesha kirusi kuishi. Semantiki ni kama kingamwili bado zinamtambua. Kirusi anayetaka kukwepa kinga lazima abadilishe maana bila kuvunja sarufi. Akivunja sarufi anakufa, asipobadili maana anakamatwa. Walijaribu kwa mafua, HIV na korona, na mabadiliko yanayojulikana kukwepa kinga yakawa yanapata alama za juu pande zote mbili. Kwangu hiyo ndo kazi safi kabisa ya kuonyesha kwamba istilahi za isimu si mapambo tu, kwa sababu bila kutenganisha hayo mawili usingepata jibu.

Kuandika protini mpya nako kupo, na hakujaanza na AI. Mwaka 2006 kundi la MIT, Christopher Loose na wenzake, walikusanya peptidi za asili zinazoua bakteria, wakatoa kanuni kama mia saba hivi, kisha wakaandika peptidi mpya zinazofuata kanuni lakini hazifanani na za asili. Karibu nusu ziliua bakteria. Wakachukua herufi zile zile wakazichanganya ovyo, karibu zote hazikufanya kitu. Hicho kipimo cha kuchanganya ndo muhimu, kinaonyesha kazi iko kwenye mpangilio, sio kwenye idadi ya herufi. Siku za karibuni modeli ya ProGen imeandika vimeng'enya vinavyofanya kazi ambavyo vingine vinafanana na vya asili kwa asilimia kama 31 tu.

Kama zinaelewa ama zinakariri, mimi naona zimejifunza sarufi kutoka kwenye walionusurika. Kila mfuatano kwenye databesi ni wa kiumbe aliyepona mchujo, sentensi mbovu zilikufa bila kurekodiwa. Kwa hiyo modeli inajua kinachosemeka. Inachofanya mwilini mwa mtu, rejea habari ya selimundu hapo juu. Na familia ya protini yenye mifano michache modeli inababaika, kama ambavyo hizo chatbot zinavyobabaika na lugha zenye maandishi machache. Sisi tunalijua hilo vizuri.

dada_maabara

Sasa shuka chini kidogo. Kwenye ripoti za malaria naona vitu kama R561H na K76T, wengi tunavipita tu. Navyo ni humu humu?

herufi20

Humu humu dada, na vinasomeka rahisi: herufi ya zamani, nafasi, herufi mpya. R561H maana yake nafasi ya 561 palikuwa na R sasa pana H, na hapo ni protini ya vimelea vya malaria inayoitwa K13, inayohusika na usugu kwa artemisinini, ambayo ndo uti wa mgongo wa dawa mseto tunazomeza. Hiyo iliripotiwa Rwanda 2020. Kaskazini mwa Uganda zikaripotiwa C469Y na A675V kwenye protini hiyo hiyo. Asia Kusini Mashariki iliyotawala ni C580Y. Nafasi tofauti, herufi tofauti, ila zinaelekea kwenye usugu ule ule, kama watu watatu wanaosema jambo moja kwa maneno tofauti. Ndo maana kipimo kinachotafuta C580Y peke yake hapa kwetu kingewapita hawa wote.

K76T ni ya usugu kwa klorokwini, dawa ya malaria ya zamani, kwenye protini ya vimelea inaitwa PfCRT. Wakubwa humu wanaikumbuka klorokwini na kuwashwa kwake. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza 2001. Malawi waliiacha mapema, 1993, na miaka iliyofuata wakaona vimelea wenye ile T wanapungua mpaka karibu kutoweka, K ikarudi kwa sababu bila dawa T haina faida.

Anayetaka kujaribu mwenyewe aingie UniProt, databesi ya protini mtandaoni, ni bure, atafute P68871. Ni himoglobini beta. Ataona herufi 147 sio 146, ya kwanza ni M, kwa sababu kila protini inaanza kuandikwa na M na hapa inakatwa baadaye. Kwa hiyo ile E ya selimundu humo ni ya 7, wakati kwenye vitabu vya zamani ni ya 6. Ukikuta E6V sehemu moja na E7V sehemu nyingine usishtuke, ni kitu kimoja, angalia kwanza aliyeandika ameihesabu ile M au hajaihesabu.

msoma_kodi

Nimeingia, nimeipata. MVHLTPEEK. Sasa natafuta myoglobini, ile protini ya misuli inayoshika oksijeni, niiweke kando yake, umesema zinajikunja sawa?

herufi20

Sijasema, ila ndiyo, umeniwahi. Zipange, utakuta kama robo tu ya herufi ndo zinalingana na bado umbo ni lile lile. Usiangalie zinazolingana, angalia zile zisizolingana uone L imekaa na I, V imekaa na L, halafu uje na orodha yako hapa tuipitie moja moja.